Mkono Mmoja au Miwili: Fimbo ya Kuvulia kwa Mwambao wa Bujumbura

Watu wanaotaka kununua fimbo ya kuvulia kwa chambo cha manyoya huanza kwa kuuliza habari za samaki: ana uzito gani, ana meno, hupigana vipi. Mimi ningewaomba waanze kwa kugeuka wakatazama nyuma. Ufukweni Kajaga, nyuma yako kuna matete. Ufukwe wa Saga siku ya Jumapili nyuma yako kuna watoto wanaokimbia, meza za watu waliokuja kula samaki aina ya mukeke, na vijana wanaocheza mpira. Na tangu Ziwa Tanganyika lilipopanda na kufurika, mwaka 2021 na tena 2024, fukwe nyingi za mji zimebaki ukanda mwembamba wa mchanga, maji mbele na ukuta wa mtu nyuma. Nafasi iliyo mgongoni mwako ndiyo inayoamua, kabla ya samaki yeyote, kama itakufaa fimbo fupi ya mkono mmoja au ile ndefu inayoshikwa kwa mikono miwili.

Ziwa Tanganyika huvuliwa zaidi usiku. Jua likizama, mitumbwi iliyounganishwa kwa miti, miwili miwili au mitatu mitatu, ile tunayoiita katamarani, hutoka na taa zake. Taa huwavuta juu samaki wadogo waitwao ndagala, mukeke huwafuata ndagala, na wavu uliotandazwa chini yao huinuliwa. Mbinu hiyo ilishika mizizi hapa miaka ya 1950, mji ukiitwa Usumbura, zama zile zile Wagiriki walipoleta meli za nyavu za kuzungusha. Meli zile zimekwisha. Katamarani zimebaki, na ndizo zinazolisha mji. Fimbo haishindani nazo. Fimbo ni ya mchana na ya kando, kwa samaki wasiohitaji taa: kuhe anayewinda juu ya mchanga, sangala wachanga wanaojificha kwenye majani ya majini, na yule Hydrocynus mwenye meno ya nje anayepiga kundi la samaki wadogo juu ya maji na kupotea. Kijana wa Gatumba mwenye ufito wa mwanzi na nyungunyungu kopoani yumo katika uvuvi huo huo, na mara nyingi atakula samaki kabla yako.

Tofauti ya chambo cha manyoya ni kwamba hakina uzito wa kutajika. Kwenye ndoana ya kawaida, risasi ndiyo inayokwenda, nayo hukokota uzi. Hapa kinachorushwa ni mshipi wenyewe, mnene, uliovikwa plastiki. Fimbo hupinda kwa uzito wa mshipi, kisha hujinyoosha na kuutupa. Kwa hiyo mshipi lazima upate mahali pa kujikunjua kabla haujaenda mbele, na kwa mrusho wa kawaida mahali penyewe ni nyuma ya mrushaji.

Fimbo ya mkono mmoja kwa kawaida ina urefu wa futi 9, yaani mita 2.7 hivi. Mkono wa kulia hushika fimbo, wa kushoto hushika mshipi. Mshipi hutupwa nyuma hewani, husubiriwa unyooke, kisha hupelekwa mbele. Aliyefuzu huuvuta kwa mkono wa kushoto mara mbili, mara moja ukienda nyuma na mara moja ukienda mbele, na kila mvuto huongeza kasi. Ukitaka kutupa mita 20 mbele, unahitaji nafasi inayokaribia hiyo nyuma yako, bila mti, bila matete, bila mtoto wa mtu. Ndoana inayopita hewani kwa kasi ile haina mzaha; ikimpata mpita njia jichoni hakuna msamaha utakaolirudisha.

Fimbo ya mikono miwili huanza futi 11 na kufika 15. Ina kishikio kirefu, mkono mmoja juu ya rili na mwingine chini kabisa. Mgeni hudhani nguvu hutoka kwenye mkono wa juu. Sivyo. Mkono wa juu ni egemeo. Mkono wa chini ndio unaokivuta kishikio kuelekea tumboni, na mwendo mfupi wa huko chini huwa mwendo mrefu kwenye ncha. Mwenye kupiga kafi kwenye mtumbwi anaijua kazi hiyo mwilini kabla hajafundishwa. Nimeona wavuvi wa mitumbwi wakiipata katika muda mfupi sana, huku watu wa mjini, wenye nguvu za bega na haraka nyingi, wakihangaika nayo asubuhi nzima.

Fimbo hizi zilikua Uskoti, kando ya mto Spey, katikati ya karne ya 19, kwa ajili ya samoni. Mto ule ni mpana, una kasi, na kingo zake zina mwinuko na miti. Wavuvi wakabuni mrusho usiokwenda nyuma. Mshipi huinuliwa taratibu kutoka majini, hufagiwa pembeni, na ncha yake huachwa iguse maji na kushikwa nayo kwa nukta moja. Sehemu iliyobaki hufanya tumbo kando na nyuma ya mvuvi, mfano wa herufi D, na papo hapo hutumwa mbele. Tumbo hilo linahitaji mita chache tu. Fimbo za wakati ule zilikuwa za mbao ngumu kutoka Guyana, ndefu na nzito, za kumchosha mtu mzima. Za leo ni za nyuzi za kaboni, zilizoanza kuingia madukani miaka ya 1970, na nyingi hazifiki gramu 300.

Kuna jambo moja dukani linalowapotosha hata wazoefu, nalo ni namba iliyoandikwa kwenye fimbo juu ya kishikio. Namba hiyo hueleza uzito wa mshipi unaofaa. Kwa fimbo za mkono mmoja hufuata kipimo kilichowekwa na watengenezaji wa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1960: hupimwa futi 30 za mwanzo za mshipi, na kwa namba 8 uzito huo ni gramu 13.6. Ukichukua fimbo ya mikono miwili yenye namba hiyo hiyo 8, kichwa cha mshipi wake, yaani sehemu nzito ya mbele, hufika gramu 30 na kuzidi. Ni namba ileile kwa mizigo miwili tofauti kabisa. Anayechukua mshipi wa namba 8 kutoka fimbo yake ya zamani na kuupitisha kwenye fimbo mpya ya futi 13 atatikisa fimbo hiyo mpaka jioni bila kupinda, kisha atasema aliuziwa kitu kibovu. Fimbo ni nzima. Haijapewa uzito wake.

Sasa nije kwenye hoja ninayoishikilia. Samoni wa Spey huvuliwa kwa msaada wa mkondo. Mvuvi hurusha mshipi kwa mshazari kuelekea ng'ambo, na mto wenyewe hukichukua chambo, hukipitisha mbele ya samaki na kukirudisha polepole upande wa mvuvi. Muda wote huo mikono yake haina kazi ila kushika fimbo. Kikifika upande wake, anapiga hatua mbili na kurusha tena. Fimbo ndefu ilizaliwa katika mpango huo.

Ziwani hakuna wa kukufanyia kazi hiyo. Chambo kikitua, kinakaa pale pale kilipotua. Uhai wake wote lazima utoke kwenye vidole vyako: unavuta mshipi urefu wa kiganja, unatulia, unavuta haraka mara tatu, unaacha kizame kidogo, unavuta tena. Sangala hufuata kitu kinachokimbia, na kuhe vivyo hivyo. Kwa fimbo ya mkono mmoja kazi hiyo huja yenyewe, maana mkono wa kushoto tayari umeshika mshipi. Kwa fimbo ya mikono miwili itabidi ukibane kishikio kwapani au ukikite nyongani, mkono mmoja ushike fimbo na kuubana mshipi kwa kidole, mwingine uvute. Mshipi wote uliovutwa unalala miguuni mwako, unashika mchanga, unanasa kamba za viatu. Na ukitaka kurusha tena, lazima kwanza kichwa cha mshipi kirudi nje ya ncha ya fimbo. Ukiifanya kazi hiyo tangu alfajiri hadi saa tatu asubuhi utaelewa kwa nini nasema kwamba fimbo ndefu, ikitolewa mtoni na kuletwa ziwani, imepoteza nusu ya thamani yake.

Nusu iliyobaki ni ya upepo, na hapo Bujumbura ina habari yake. Mji umekaa kwenye kona ya kaskazini mashariki ya ziwa lenye urefu wa zaidi ya kilomita 650. Kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusini husafiri juu ya urefu huo wote, na mawimbi yanayofika huku yamepata nafasi ya kukua. Hata nje ya kiangazi, nchi kavu ikishika joto mchana, upepo hutoka ziwani kuja mjini. Usiku ukiingia hugeuka. Kwa mrushaji maana yake ni kwamba alfajiri upepo uko mgongoni na alasiri uko usoni. Ule wa kiangazi, kwa mtu aliyeelekea machweo, humjia bega la kushoto. Anayerusha kwa mkono wa kulia ana bahati: mshipi na ndoana husukumwa mbali na mwili wake. Anayetumia mkono wa kushoto ndoana hiyo hiyo humpitia sikioni. Hapa fimbo ya mikono miwili ina faida ya kweli, kwa sababu mikono hubadilishana nafasi, wa kushoto ukashuka chini na wa kulia ukapanda juu, na mrusho ukahamia bega la upande salama. Kwa fimbo ya mkono mmoja ni wachache wanaorusha sawasawa kwa mikono yote miwili.

Miezi hiyo ya upepo pia ndiyo miezi ambayo nchi zinazolizunguka ziwa zimekuwa zikikubaliana kulipumzisha. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi upande wake kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti. Mwenye fimbo asijione yuko nje ya sheria kwa kuwa hana wavu. Aulize ofisi ya uvuvi kabla ya kutoka nyumbani.

Mahali pekee karibu na mji ambapo ningeitetea fimbo ndefu bila kusita ni kwenye maji ya Rusizi. Mto huo hutoka Ziwa Kivu, hugawanyika kabla ya kufika ziwani, Rusizi Kubwa na Rusizi Ndogo, na delta yake ni hifadhi. Ruhusa ya kuvua huko iulizwe kwanza kwa OBPE, ofisi ya Burundi ya kulinda mazingira, na jibu likiwa hapana liwe hapana. Pale unapoweza kusimama kihalali, una kila kitu alichokuwa nacho mvuvi wa Spey: mkondo wa kukibeba chambo, na ukuta wa matete mgongoni usioruhusu mrusho wa nyuma. Una kitu kimoja zaidi ambacho yeye hakuwa nacho. Mvuvi wa Uskoti huingia mtoni hadi kiunoni. Rusizi haingiliwi. Huu ndio mto wa Gustave, mamba aliyekadiriwa kuwa na urefu wa mita 6 hivi, ambaye Mfaransa Patrice Faye alimfuatilia kwa miaka na kumwekea mtego wa chuma bila kumpata. Filamu ya jaribio hilo ilionyeshwa mwaka 2004. Hata bila Gustave, mamba wapo, na viboko hutoka kula majani jua linapozama, wakipita njia zile zile unazopita wewe. Kwenye vina vifupi vyenye majani kuna kichocho pia.

Kwa hiyo unasimama juu, hatua kadhaa kutoka ukingoni. Fimbo ya futi 13 inakuongezea mita 1.2 juu ya ile ya futi 9, na urefu huo ndio unaouinua mshipi juu ya matete yaliyo kati yako na maji. Unarusha kwa tumbo la D, mkondo unakichukua chambo, nawe hujagusa maji. Ukishika samaki, hapo fimbo ndefu inakudai: huwezi kumleta mkononi peke yako, maana ncha iko mbali mno. Unahitaji mwenzako mwenye wavu wa mpini mrefu, na huyo mwenzako awe anayatazama maji wakati wote wewe unapomtazama samaki. Peke yangu Rusizi siendi.

Kuhusu Hydrocynus kuna la kusema, kwa sababu huyu hubadilisha hesabu. Meno yake huonekana hata akiwa amefumba mdomo, na taya lake ni mfupa mtupu. Uzi wa nailoni anaukata, hivyo mbele ya chambo lazima kuwe na waya wa urefu wa kama sentimita 30. Na anapopiga, usiinue fimbo. Kuinua fimbo ni mazoea ya wavuvi wa trauti, na kwa huyu ndoana huteleza juu ya mfupa na kutoka. Fimbo huelekezwa kwake moja kwa moja, na mshipi huvutwa kwa mkono, kwa nguvu, mpaka ndoana ikite. Fimbo ndefu ya mikono miwili ina ncha laini na kishikio kilichobanwa kwapani, na mvuto ule haifiki nao vizuri. Ndiyo maana wavuvi wanaokwenda mito ya Mnyera na Ruhudji, katika bonde la Kilombero nchini Tanzania, kumtafuta Hydrocynus tanzaniae, spishi iliyopewa jina mwaka 1986, huchukua fimbo za mkono mmoja za namba 8 na 9 na kurusha kutoka kwenye boti inayoachwa iteremke na maji. Ule ndio uvuvi wa manyoya unaojulikana zaidi karibu nasi kwa samaki wa asili, na somo lake linahusu Tanganyika moja kwa moja. Mbenga wa Kongo, Hydrocynus goliath, ambaye huweza kupita kilo 40, ni shughuli nyingine, na fimbo nilizozitaja hazikutengenezwa kwa ajili yake.

Kwa hakika Afrika Mashariki nzima ilijifunza uvuvi huu kwa mkono mmoja. Mwaka 1905 Ewart Grogan alileta Kenya trauti kutoka Loch Leven, Uskoti, wakatiwa mto Gura kwenye milima ya Aberdare. Mito ile ya juu, Gura, Chania, Naro Moru, Burguret, ni myembamba na hupita msituni. Futi 8 zatosha, na fimbo ya futi 14 ingenasa matawi kabla mshipi haujatoka. Mazoea hayo ndiyo yaliyoshuka nasi hadi kwenye maziwa makubwa.

Lakini mrusho wa Spey si mali ya fimbo ndefu. Hili ndilo ninalotaka mnunuzi wa Bujumbura alisikie vizuri. Tumbo la D hufanyika kwa fimbo ya futi 9 pia: unaufagia mshipi pembeni, unaiacha ncha iguse maji, unautuma mbele, na mkono wa kushoto unauvuta wakati huo huo kuongeza kasi. Hutafika mita 30. Utafika 15, pengine zaidi kidogo ukiwa na mshipi wenye uzito mwingi mbele. Kwenye ufukwe mwembamba, ukuta ukiwa nyuma na watu wakipita, mita 15 zinatosha kwa asubuhi nyingi, maana sangala wachanga hawakai mbali na majani. Maji yakiwa machafu, mvua inaponyesha na Ntahangwa na Rusizi zikimwaga tope, samaki huja karibu zaidi ya unavyodhani.

Kwa hiyo fimbo ya kwanza iwe ya mkono mmoja, futi 9, namba 8. Itakufaa ufukweni alfajiri, kwenye mtumbwi, na kwenye miamba ya kusini ukielekea Rumonge. Petroli ilivyoadimika Burundi miaka hii, wengi tutakuwa nchi kavu mara nyingi kuliko botini, na hapo ndipo fimbo ya pili inapoanza kuwa na maana: ya mikono miwili, lakini fupi, futi 11 au 11 na nusu, yenye kichwa cha mshipi kifupi na kizito. Wanaovua kwenye fukwe za bahari duniani hutumia urefu huo kurusha juu ya mawimbi, na alasiri ya kiangazi Bujumbura si tofauti sana na bahari. Ile ya futi 13 na kuendelea inunuliwe baada ya kuhakikisha utakuwa na mto wa kuitumia.

Namtoa mtu mmoja katika kanuni hiyo: mwenye bega au kiwiko kilichochoka. Kurusha mshipi wa namba 8 kwa mkono mmoja ni kazi ya bega, na mwenye miaka 60 aliyefanya kazi za mikono maisha yake yote hapaswi kuacha ziwa kwa ajili hiyo. Yeye aanze na mikono miwili moja kwa moja, avumilie usumbufu wa kuvuta mshipi, na avue.

Ukimwagiza ndugu aliye Ubelgiji, mwambie achague fimbo ya vipande 4. Ya futi 9 ikifunguliwa huingia kwenye mrija wa sentimita 75 hivi, na mrija huo unabebeka kirahisi. Ya futi 13 hudai zaidi ya mita 1, na mara nyingi itashuka chini na mizigo mikubwa. Atume picha ya maandishi yaliyo juu ya kishikio kabla ya kulipa. Na asinunue fimbo peke yake: mshipi wake uwe kwenye kifurushi hicho hicho, uzito wake umeandikwa kwa gramu, pamoja na waya na koleo ndogo ya kutolea ndoana.